VALVU YA KUZUIA MAJI KURUDI: KAZI YAKE, MARADHI YAKE, NA HAKI YA MWENYE KUITUNZA

Hotuba ya kamati ya mafundi, iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi wa wahudumu wa pampu na mafundi wa mabomba



Halmashauri ya tawi ilipotuomba tutoe hotuba juu ya kazi, wengine walidhani ya kwamba tutazungumza habari za mishahara au za nyumba. Mambo hayo yana siku yake, na Bwana Katibu ameyashika vema. Sisi tumechagua kipande cha chuma ambacho wengi wetu hupita kando yake kila siku bila kukitazama, lakini kikiharibika usiku, asubuhi barua hupelekwa kwa mhudumu wa zamu na si kwa kile chuma.

Twasema juu ya valvu ya kuzuia maji kurudi. Mafundi wengi huiita nonritani, nasi tutaiita hivyo kwa kuwa ni jina fupi. Ni mlango wa njia moja. Pampu ikisukuma, maji huufungua yakapita. Pampu ikisimama, maji yaliyo juu hutaka kurudi yalikotoka, nayo yarudipo huufunga mlango kwa uzito wao wenyewe. Hapana mkono wa mtu, hapana stima. Na kwa kuwa haina gurudumu la kuzungusha, watu huisahau. Getivalvu iliyo jirani yake hupakwa rangi na grisi, kwa sababu mkubwa akija kukagua huiona na kuishika. Nonritani imekaa kimya, wala hakuna aifunguaye mpaka siku ya msiba.

Yafaa kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Bomba la inchi 8, lenye urefu wa kilomita 1 tu, hubeba ndani yake maji yapata tani 32. Huo ni mzigo wa lori kubwa pamoja na trela. Mzigo huo watembea, pengine mita 1 au zaidi kwa kila sekunde, ukipanda mlima kwenda kwenye tangi. Sasa stima yapotea. Pampu yasimama kwa sekunde chache, lakini zile tani 32 hazijui habari za stima. Zaendelea mbele kidogo, zachoka, zasimama, halafu zaanza kurudi chini. Ikiwa nonritani imefunga wakati ule ule maji yaliposimama, hamtasikia neno. Ikiwa imechelewa, maji yamekwisha kupata mwendo wa kurudi, ndipo ulimi wa valvu unapigwa kwa kishindo juu ya kiti chake, na ule mwendo wote wageuka kuwa presha kwa mara moja. Hiyo ndiyo nyundo ya maji.

Bwana mmoja wa Urusi, Nikolai Joukowsky, aliipima nyundo hiyo katika mabomba ya mji wa Moscow mwaka 1897, na hesabu yake yatumika hata leo. Kwa maneno ya kawaida ni hivi: katika bomba la chuma, maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafula, presha huongezeka kiasi cha mita 100 za maji, yaani bari 10 hivi, juu ya ile iliyokuwapo. Hata mwendo wa kurudi wa theluthi moja tu ya huo huongeza kama mita 30. Katika bomba la plastiki nyongeza ni ndogo, kwa kuwa plastiki hutanuka kidogo, lakini na nguvu za plastiki pia ni ndogo, na kupigwa mara nyingi huichosha. (Wale ambao geji zao zingali zasoma pauni, wakumbuke ya kwamba pauni 100 ni sawa na mita 70 za maji.) Basi mtu akiwaambieni ya kwamba bomba lilipasuka kwa sababu mhudumu alizembea, mwulizeni kwanza nonritani ilifungwaje usiku ule, na nani aliifungua mara ya mwisho kuitazama.

Nonritani si za namna moja. Iliyo nyingi katika vituo vyetu ni ile ya ulimi wa bawaba: kisahani cha chuma kinaning'inia kwa pini, maji yakija huinuka, yakikoma huanguka. Ni rahisi kuitengeneza, nasi twaipenda kwa hilo, lakini ulimi wake una safari ndefu ya kurudi, na kwa hiyo ndiyo hupiga nyundo zaidi. Ziko zenye springi, ambazo kisahani chake husogea kidogo tu na kurudishwa upesi. Hizo ndizo zifaazo penye mlima mkali. Ziko zenye milango miwili midogo ikunjwayo kama mbawa za kipepeo, nyepesi na fupi, ila zikiharibika hutoa kazi, maana hazina mfuniko wa kufungulia na lazima bomba lifunguliwe. Na iko ya chini kabisa, ikaayo ndani ya maji mwisho wa bomba la kuvutia, pamoja na chujio lake. Hiyo ni futivalvu, na tutairudia.

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu fundi mzuri wa pampu huanza kazi yake kwa masikio.

Mlio wa kwanza ni tik-tik-tik usiokoma pampu ikiwa kazini. Watu huuzoea kama saa ya ukutani. Maana yake ulimi hauinuki ukatulia, bali wachezacheza katikati ya maji. Mara nyingi sababu ni valvu kubwa kuliko kazi: maji ni machache, hayana nguvu ya kuushikilia ulimi wazi. Pengine valvu imefungwa karibu mno na mdomo wa pampu au na kona ya bomba, maji yakafika yakiwa yanazunguka. Yafaa kuwe na kipande cha bomba kilichonyooka mbele yake, angalau mara 5 ya upana wa bomba lenyewe. Mlio huo hauvunji kitu leo. Lakini kila tik ni pini inayolika, na siku moja ulimi hukatika ukaenda na maji mpaka kwenye kona au kwenye getivalvu, ukakwama huko. Tumewahi kuona watu wakitafuta kwa siku 2 mahali bomba lilipoziba, na kumbe kilichoziba ni ulimi wao wenyewe.

Mlio wa pili ni kishindo kimoja, puu, kila pampu izimwapo, hata sakafu yatikisika. Huo tumekwisha kuueleza. Tuongeze neno moja kwa vituo vyenye pampu mbili au tatu zinazosukuma katika bomba moja. Pampu moja ikizimika peke yake, wenzake waendelea, na presha yao yarudi mara moja kwenye mlango wa yule aliyesimama. Hapo maji hayangojei kuchoka. Hugeuka upesi sana. Kwa hiyo valvu ya ulimi mrefu ambayo katika kituo cha pampu moja ni kimya kabisa, katika kituo cha pampu tatu hupiga kama nyundo ya mhunzi. Mkiona hivyo, msimlaumu aliyeifunga wala msiikaze bolti. Valvu yenyewe si ya mahali pale, na yafaa ibadilishwe kwa ile ya springi.

Mlio wa tatu ni mluzi mwembamba au mchuruziko pampu ikiwa imesimama. Chukueni bisibisi ndefu, wekeni ncha yake juu ya mwili wa valvu na mpini sikioni. Valvu nzima haisemi kitu. Ikisema sss, maji yapita. Pengine mchanga umekaa juu ya kiti, pengine mpira umekatika.

Na kuna ishara ya macho: tazameni shafti pampu ikiisha kuzimwa. Ikisimama na kutulia, vema. Ikisimama halafu ikaanza kuzunguka kinyume, nonritani haishiki, na maji ya tangi yateremka kupitia ndani ya pampu. Hapo ndugu zetu, msibonyeze swichi ya kuwasha! Mota ikiwashwa hali yazunguka kinyume huvuta stima nyingi kupita kiasi, na shafti hupindwa upande huu na upande huu kwa mara moja, yaweza kukatika. Katika pampu za kisima zenye shafti ndefu iliyoungwa kwa nyuzi za skrubu, kule kuzunguka kinyume huweza kuzifungua nyuzi zenyewe. Fungeni getivalvu polepole, ngojeni shafti isimame kabisa, ndipo mfikirie la kufanya.

Kinyume cha hayo ni valvu iliyokwama imefungwa. Geji yaonyesha presha ya juu, amita yaonyesha ya kwamba mota yafanya kazi nyepesi kuliko desturi, lakini tangini hapafiki tone. Shikeni mwili wa pampu kwa mgongo wa mkono kwa uangalifu: una moto. Maji yale yale yazungushwa ndani na kuchemka. Zimeni, acheni ipoe kabla ya kufungua kizibo chochote, maana maji hayo huunguza kama ya chai.

Sasa, mtu aweza kuuliza: katika kituo kinachovuta maji kutoka chini, chenye nonritani juu na futivalvu chini, nitajuaje ni ipi iliyo mgonjwa? Liko jaribio lisilotaka chombo chochote. Zimeni pampu, acheni getivalvu ya kupeleka wazi, halafu fungueni kile kibomba kidogo cha hewa juu ya mwili wa pampu. Maji yakiruka nje kwa nguvu na kuendelea, nonritani ya juu yavuja, kwa kuwa presha ya mlima imefika mpaka pale. Kikivuta hewa kwenda ndani, mkasikia hhh kama mtu avutaye pumzi, nonritani ya juu ni nzima lakini futivalvu ndiyo inayovuja, au bomba la kuvutia lina tundu. Yakitoka matone machache yakakoma, zote mbili ni nzima, nendeni mkanywe chai. Na zikiwa zote mbili mbovu hamtahitaji jaribio, kwa kuwa shafti itawaambia kwa kuzunguka kinyume.

Juu ya futivalvu tuna neno kwa wenzetu wa bara. Pampu haivuti maji kama wengi wadhaniavyo. Ni hewa ya nje inayoyasukuma yapande. Pale Mombasa, penye usawa wa bahari, hewa ina uzito wa kuinua maji kama mita 10, na kwa kazi ya kweli ni kama mita 7 tu. Nairobi, kwa kuwa tuko juu mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na hata pampu ikiwa kamili hesabu haifiki mita 9. Kwa kazi ya kweli ni 5 au chini yake. Kwa hiyo maelezo ya kitabu kilichoandikwa kwa watu wa pwani za Ulaya hayafai Limuru wala Nyahururu. Tena chujio lililozibwa nusu kwa majani huongeza taabu ile ile. Matundu ya chujio yote pamoja yapaswa kuwa mara 3 au 4 ya tundu la bomba, nalo chujio lisiguse tope la chini, wala lisikae juu hata maji yakafanya kizungu na kuvuta hewa. Wakati wa kiangazi, mto unapopungua, litazameni kila wiki.

Na mhudumu anayelazimika kuijaza pampu maji kwa ndoo kila asubuhi kabla ya kuiwasha, asifikiri ni sehemu ya kazi yake. Hiyo ni dalili ya ugonjwa. Futivalvu nzima huyashika maji usiku kucha. Tunajua vituo ambavyo ndoo hiyo imekwisha kuwa desturi, na kila mgeni afundishwa ndoo kabla ya kufundishwa swichi.

Katika visima virefu vyenye pampu ya kuzama, nonritani imo ndani ya kichwa cha pampu, au hufungwa bombani karibu nayo. Wengine hufunga moja tu, huko juu kabisa kwenye mdomo wa kisima, wakidhani wamepunguza gharama. Kosa lake ni hili: pampu ikizimwa, maji ya chini ya valvu ile hushuka kisimani, na nafasi tupu isiyo na hewa hubaki katikati. Asubuhi pampu ikiwashwa, maji yaja mbio bila kizuizi na kugonga yale yaliyosimama juu. Bomba hupata kipigo kila uwashapo. Hapo haifai pia kutumia ile ya ulimi wa bawaba, kwa kuwa ni nzito wa kufunga.

Wenzetu wa mashamba ya maua na ya mboga nao wasidhani hotuba hii si yao. Wanapotia mbolea au dawa ndani ya maji ya kunyunyizia, nonritani ndiyo imesimama kati ya tangi la dawa na kisima ambacho watoto hunywa. Ikivuja na stima ikapotea, dawa hufuata maji yanayorudi.

Tuje kwenye kuifungua na kuitengeneza. Kwanza usalama, nasi hatutaharakisha hapa. Swichi kuu izimwe na kutiwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule ambaye mkono wake uko ndani ya valvu, si mfukoni mwa msimamizi wala juu ya meza. Fungeni getivalvu ya kupeleka kwanza, ndipo ile ya upande wa kuvuta. Msigeuze utaratibu huo: mkifunga ya kuvuta kwanza na nonritani ikiwa inavuja, presha yote ya mlima yaingia katika bomba la kuvutia na mwili wa pampu, ambavyo havikutengenezwa kwa presha hiyo. Mkifungua tena, anzeni na ya kuvuta.

Halafu mtoe maji kwa kibomba cha chini mpaka yakome. Legezeni bolti za mfuniko bila kuzitoa, mkianza na zile zilizo mbali na uso wenu, na mpasue gasketi kidogo ili presha iliyobaki itoke kando. Mtu asitie vidole chini ya ulimi akiwa hajahakikisha getivalvu imeshika. Ulimi wa inchi 8 ni chuma kizito, nacho hufunga bila kuuliza.

Ikiwa valvu iko ndani ya shimo lenye mfuniko wa zege, mambo ni mawili zaidi. Hewa ya mle yaweza kuwa mbaya bila kunuka, na moto wa mshumaa si kipimo cha kutegemea. Fungueni mapema, pitisheni hewa, mtu mmoja abaki juu na kamba, na kama mwajiri ana kipimo cha hewa kitumike. Wala msishushe shimoni pampu ndogo ya petroli kutoa maji. Moshi wake umeua watu katika nchi nyingi. Ikae juu, mbali na mdomo wa shimo.

Ndani ya valvu mtazame nini? Nati inayoshika kisahani kwenye mkono wake, na spliti pini inayoizuia isilegee. Hiyo ndiyo ya kwanza. Twaona mara nyingi msumari uliokunjwa mahali pa spliti pini. Msumari huo huoza kwa kutu katika miezi michache, na kitu cha shilingi chache huwa kimeokolewa ili pampu ipotee. Kisha pini ya bawaba: ichezesheni kwa mkono, ikiwa imelika upande mmoja na ulimi umeshuka, kisahani hakitakaa sawa juu ya kiti hata mkisugua vipi. Kisha kiti chenyewe. Kama ni shaba kwa shaba, mikwaruzo midogo huondolewa kwa unga wa kusugulia valvu, mkizungusha huku na huku mpaka mstari wa kugusana uonekane mzima pande zote. Halafu osheni unga wote, maana ukibaki utaendelea kusugua. Kama kina mpira, ubonyezeni kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama mfupa, au umevimba, badilisheni. Wako mafundi hodari wanaokata mpira wa tairi kwa kisu na kuufunga hapo. Kwa siku moja ya dharura hatuwezi kuwacheka, lakini kwa maji ya kunywa haufai, nao hulainika na kujipinda chini ya kiti.

Mkifunga tena, tazameni mshale ulio juu ya mwili. Uelekee maji yaendako. Jambo hili ni dogo hata twaona haya kulisema, lakini tusipolisema mtu atalikosa. Ile ya ulimi hufungwa katika bomba la kulala, au la kusimama ambalo maji yapanda. Kamwe si katika bomba ambalo maji yashuka, kwa kuwa ulimi utabaki wazi kwa uzito wake. Zenye mkono wa nje na jiwe la kupimia ni nzuri, maana mhudumu huona ulimi unavyosogea akiwa amesimama. Utieni oili mahali pa kupitia, na msining'inize vyuma vingine juu yake ili kunyamazisha mlio. Mwisho, bomba lililofunguliwa lisafishwe na kutiwa klorini kabla maji hayajaenda kwa watu.

Kuhusu kuzima kwa kila siku: katika pampu za gurudumu, fungeni getivalvu polepole kwa dakika moja au zaidi, na ikikaribia kufunga ndipo mzime mota. Hivyo nonritani hufunga maji yakiwa yamekwisha kutulia, na ulimi huweza kuishi miaka mingi. Lakini katika pampu za pistoni msifanye hivyo hata kidogo! Pampu ya pistoni haijui mlango uliofungwa. Itasukuma mpaka kitu kipasuke.

Basi mwaona ya kwamba mhudumu mzuri huilinda nonritani kila jioni. Asiloweza kuzuia ni kupotea kwa stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kila pampu iliyokuwa ikitumia stima hiyo ilisimama bila getivalvu yake kufungwa polepole na mtu. Wenzetu wa Baricho, kando ya Mto Sabaki, wanajua maana ya jambo hilo, kwa kuwa maji ya huko hayafiki Mombasa ila kwa kusukumwa. Si kama yale ya Mzima yanayoteremka yenyewe. Usiku kama ule, kinachosimama kati ya kituo na hasara ni valvu, tangi la hewa ikiwa liko, na matengenezo yaliyofanywa miezi iliyopita. Mtu wa zamu hana la kufanya ila kusikiliza.

Kwa hiyo twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, bomba lilipasuka usiku baada ya stima kupotea, na nyumba ya pampu ikajaa maji mpaka mota ikazama. Mhudumu wa zamu alipewa barua ya kujieleza, na tena akaambiwa mshahara wake utakatwa kidogo kidogo mpaka mota ilipwe. Mshahara wa mhudumu na bei ya mota kubwa mwavijua. Angelipa mpaka wajukuu. Lakini ndugu huyo alikuwa na tabia moja njema. Kila zamu aliandika kitabuni. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameandika ya kwamba valvu ya pampu namba 2 yapiga ikizimwa, na mara mbili akaandika ya kwamba shafti yazunguka kinyume, na kando yake pana sahihi ya msimamizi aliyesoma. Mwakilishi wa chama alipokifungua kile kitabu mezani, mazungumzo yalibadilika. Mshahara haukukatwa.

Sheria nayo isemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa tu hasara ilitokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zetu. Si bahati mbaya, wala si kipande cha chuma kilicholika. Na hata makato yote yakiwa halali, hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 41 chasema ya kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale. Asiingie peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tunaomba kila kituo cha namna hiyo kitujulishe kama kamati hiyo iko, au iko katika karatasi tu.

Lakini sheria haisomi mawazo. Mhudumu asiyeandika hana shahidi. Andikeni tarehe, saa, namba ya pampu, presha kabla ya kuzima na baada ya kuzima, na mliosikia. "Puu" ni neno zuri la kuandika kuliko "valvu mbaya", kwa kuwa fundi ataelewa. Na wasimamizi walio wanachama wetu, maana wako humu, wasione kitabu hicho kuwa ni mashtaka juu yao. Nao waandike siku walipoomba vipuri stoo, na jibu walilopata. Tunamwomba Bwana Katibu apeleke kwa waajiri ombi la mambo matatu: kila nonritani ifunguliwe na kutazamwa angalau mara moja kwa mwaka, na zile za maji ya mchanga mara mbili, kila kituo kiwe na seti moja ya mpira, pini na gasketi kabatini, na mhudumu mpya asiachwe peke yake usiku kabla hajaonyeshwa valvu iliyofunguliwa.

Tumeleta valvu moja kuukuu ya inchi 4, iko pale juu ya meza nyuma, mfuniko wake umetolewa, na pini yake imelika upande mmoja kama tulivyosema. Njoni kumikumi mwitazame na kuichezesha. Karatasi za mfano wa kuandikia zamu anazo Bwana Katibu. Kila kituo kichukue mbili, moja ya kubandika ukutani na moja ya kunakili. Wenye maswali juu ya pampu za kuzama wangoje kidogo, kwa kuwa mwenzetu anayezijua zaidi ametoka zamu sasa hivi na yuko njiani.